Kwapa la Barabara

Mkaguzi wa kata alikuja asubuhi akiwa na viatu visafi, akachomeka kibendera cha rangi ya chungwa katikati ya nyasi za Verlin Stroup, kisha akarudi garini kuandika. Hakupiga hodi. Verlin alikuwa karakanani, amepiga magoti mbele ya mashine ya kukatia nyasi iliyopinduliwa tumbo juu. Alipoinua kichwa na kukiona kile kibendera kikipepea alidhani ni watu wa bomba la gesi wamerudi tena.

Mkaguzi mwenyewe aliitwa Tobin Yost, kijana mpole wa sura, wa aina ile ambayo wakubwa huituma mbele ili mtu ashindwe kukasirika. Alieleza kwa adabu kwamba bango jipya la karakana limesimama karibu mno na barabara. Sheria inataka futi kumi na tano. Verlin akafuta mikono kwenye suruali, akamwambia ziko kumi na tano hizo, amezipima mwenyewe kutoka kwenye lami.

"Haipimwi kutoka kwenye lami, bwana Stroup," Yost akasema. "Inapimwa kutoka mwisho wa hifadhi ya barabara. Na mwisho wenyewe ni pale penye kibendera."

Verlin akakitazama kibendera. Kilikuwa ndani kabisa, kimelipita sanduku la barua, kimeupita mtofaa alioupanda mkewe mwaka wa kwanza wa ndoa, kimekaribia mlango wa karakana. Kutoka lami mpaka pale, tangu wahamie, nyasi alizikata yeye. Yeye ndiye aliyetia mbolea, yeye ndiye aliyezoa majani makavu kila vuli na kusukuma theluji kila kipupwe.

"Kwa hiyo hii si yangu."

"Ni ya wilaya."

"Na muda wote huu ninaifyeka."

"Unaruhusiwa kuendelea kuifyeka," Yost akasema, na kwa jinsi alivyotabasamu ilionekana kweli alidhani anamfariji mtu.

Verlin aliangalia ng'ambo ya barabara, ambako macho yake yalikwenda mara nyingi kuliko alivyotaka. Huko kulikuwa na duka la Gaylord Pruitt, mashine mpya nyekundu zimepangwa mstari kama meno, na mbele ya duka bango refu lenye taa, limesimama hatua moja tu kutoka kwenye lami, jina PRUITT likionekana kuanzia kwenye daraja. Akauliza lile nalo lina futi ngapi.

Yost akaona haya kidogo. Lile, alisema, lilijengwa na baba yake Pruitt kabla ya sheria. Sheria ilipokuja ililikuta. Kitu kilichokutwa na sheria kinaachwa kilivyo.

"Basi kosa ni la baba yangu," Verlin akasema. "Alipanda mahindi, angepanda bango."

Yost akamwachia karatasi. Ama ang'oe bango alirudishe nyuma, ama aombe bodi ya mipango ya kata imlegezee sheria. Ada ya maombi hairudishwi, bodi ikikubali au ikikataa.

*

Karakana ya Stroup ilikuwa mahali pabaya tangu mwanzo, na asiyeujua ubaya wake alipita tu. Barabara inatoka mjini, inapinda ghafla kukizunguka kilima, na kiwanja kiko ndani ya ule mpindo. Ukitokea mjini, misonobari ya kanisa inakuzibia. Ukitokea darajani, kilima kinakuzibia. Ukipaona, umeshapita. Lakini zamani hilo halikuwa na shida, kwa sababu watu walijua. Mashine ikigoma, mtu alikwenda kwa Stroup, na Pruitt aliuza mpya, kila mmoja na lake.

Kisha Pruitt akaanza kutengeneza pia. Akaajiri fundi, akaweka viti vya kungojea na kahawa ya bure. Siku moja mama mmoja wa kanisani, mteja wa zamani, alikutana na Verlin kwenye duka la vyakula akamwambia, kwa nia njema kabisa, "Verlin, sikujua kama bado umefungua." Verlin alirudi nyumbani na maziwa mkononi, akakaa garini muda mrefu na injini imezimwa. Wiki iliyofuata akaagiza bango.

Lilikuwa bango zuri. Sanduku la bati na plastiki nyeupe, taa ndani, na herufi za buluu: STROUP, na chini yake, MASHINE ZA NYASI NA MISUMENO. Siku ya kulisimamisha walipima pamoja, mume na mke. Nadine alichutama ukingoni mwa lami akishika ncha ya utepe wa kupimia, magari yakimpita karibu na kisogo, na Verlin akarudi nyuma mpaka futi kumi na tano kamili, akaongeza upana wa mkono mmoja ili asije akalaumiwa na mtu. Ndivyo walivyokuwa, watu wa kuongeza upana wa mkono. Na ndio hao hao wanaokamatwa.

Siku ambayo Yost alikuja, Nadine alisoma ile karatasi akiwa amesimama, kijiko cha mchuzi mkononi. Aliuliza ada ni kiasi gani, akaisoma mwenyewe kabla hajajibiwa, kisha akasema ile fedha ya jino ipo.

Alikuwa na pengo mbele, upande wa kushoto, na tangu masika alikuwa akiweka akiba ya kwenda kuzibwa. Alikuwa amejifunza kucheka na kiganja mdomoni. Verlin alisema jino ni jino, bango ni bango, wasichanganye. Nadine akasema bila bango hakuna jino, wala mchuzi, na akageuza nyama kwenye sufuria.

Verlin alimtazama mgongo. Ukweli ni kwamba lile pengo lilikuwa limempa raha fulani ya siri ambayo asingemwambia hata kasisi. Kabla hajaolewa Nadine alikuwa msichana wa kaunta katika duka la mzee Pruitt, na watu wa umri wao wote walikumbuka jinsi alivyokuwa akicheka pale, mdomo wazi, kichwa nyuma, na Gaylord kijana akiegemea kaunta akimchekesha. Gaylord aliishia kuoa mwingine, naye huyo alimwacha akaenda zake Florida. Sasa kila mwaka kwenye karamu ya samaki ya wazima moto Gaylord alimwomba Nadine dansi moja, moja tu, mbele ya watu, kwa heshima zote. Mwaka huu Nadine alicheza na kiganja mdomoni, na Verlin, akiwa ameinamia sahani yake ya samaki na viazi, alifurahi.

Wivu wake haukuwa wa kelele. Hakuwahi kumpigia mkewe ukelele wala kumkataza kwenda mahali. Ulikuwa wivu wa kuangalia tu. Aliangalia gari la nani limeegeshwa ng'ambo, limekaa muda gani, limetoka na nini nyuma. Alijua Pruitt amekata nywele lini. Alijua kwamba Pruitt akivuka barabara kuja kuchukua barua zilizopotea njia, anavua kofia.

*

Nadine ndiye aliyejaza maombi, na ndiye aliyegundua ubaya wa neno moja ndani yake.

"Sikiliza," alimwambia mumewe jioni moja, akiosha vyombo na karatasi imeegemezwa kwenye dirisha la jikoni. "Wanataka uoneshe dhiki."

"Dhiki tunayo. Waje waangalie friji."

"Si hiyo. Wanataka dhiki ya kiwanja. Wewe na mimi hatumo. Ukisema wateja wamepungua, hiyo ni dhiki yako, haihesabiwi. Ukisema unaumwa mgongo, haihesabiwi. Lazima kiwanja chenyewe ndicho chenye dhiki. Na isiwe ya kujitakia."

Verlin akaweka kitambaa chini. Alisema hajapata kusikia upumbavu kama huo, ofisi nzima ya watu wazima wanauhurumia udongo. Na hapo alisema kweli. Mtu anaweza kufa mbele yao pale, wakamruka wakaenda kuuliza kama majani yake yamepata pigo. Lakini ndiyo sheria, na waliiandika wale wale ambao hawajawahi kuhitaji kulegezewa kitu.

"Kwa hiyo utasema hivi," Nadine akaendelea, na akageuka, povu likimtiririka mikononi. "Utasema: kiwanja changu kimekaa kwenye kwapa la barabara. Misonobari upande huu, kilima upande huu, kimebanwa katikati. Hakuna mahali ndani ya kiwanja ambapo bango likiwekwa kihalali litaonekana. Sikukibana mimi. Nilikikuta kimebanwa."

"Kwapa la barabara."

"Ndiyo. Rudia."

Akarudia. Ilimchekesha, na Nadine naye akacheka, mkono ukiwa na povu usiweze kufika mdomoni, kwa hiyo akacheka wazi. Verlin akamwuliza maneno hayo mazuri kayatoa wapi. Akasema ameyasoma. Akageukia sinki haraka, na kama Verlin angekuwa anaangalia kama kawaida yake, angeiona shingo yake ilivyoiva wekundu. Lakini jioni ile alikuwa na furaha. Walifanya mazoezi siku zote zilizobaki, akikaanga, akipanga nguo, Nadine akijifanya mwenyekiti, akimwuliza kwa sauti ya pua: bwana Stroup, je, dhiki hii ni ya kujitakia? Na Verlin anajibu: hapana, ni ya kiwanja.

*

Bodi ilikaa katika ukumbi wa kata, ulioungana na kituo cha zimamoto, kwa hiyo chumba kilinuka kahawa ya zamani na matairi. Wanabodi walikuwa watano nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mwenyekiti, Burdett Kline, alikuwa muuza bima, na nusu ya waliokaa kwenye viti vya chuma walikuwa wakimlipa yeye kila mwezi. Walisimama wote, mkono kifuani, wakaapia bendera, wakakaa.

Verlin alikuwa amevaa koti lake la mazishi. Alipoona Gaylord Pruitt anaingia, shati limepigwa pasi, na kukaa safu ya nyuma, alimgusa mkewe kiwiko. Wenye mali jirani hupelekewa taarifa na wana haki ya kuja kusema. Verlin alikuwa ameshajiandaa kwa hilo. Karibu alifurahi. Adui akija waziwazi mtu anapumua.

Kabla yao ilisikilizwa kesi ya kampuni ya mafuta iliyotaka bango refu kuliko ruhusa pale kwenye njia panda. Hapakuwa na mtu wa kampuni hata mmoja. Alikuja wakili wao kutoka mjini, akafungua mkoba, akasema kiwanja kina mteremko wa kipekee, akatumia lile neno dhiki kama mtu anayeomba chumvi mezani, na kabla kahawa haijapoa wote watano wakasema ndiyo. Kline akamshukuru kwa kujiandaa vizuri. Wakili akafunga mkoba. Nadine akamminya mumewe mkono, maana yake: umeona, ni maneno tu.

Walipoitwa, Verlin aliinua mkono wa kulia, akaapa kusema kweli, akasema alichofundishwa. Alisema vizuri. Alisema kilima, alisema misonobari ya kanisa. Neno la kwapa lilimtoka akilini kwa woga, akasema "pembe" badala yake, lakini hata hivyo mwanabodi mmoja mkulima alitikisa kichwa kwamba anaijua ile kona, aliwahi kuingiza trekta mtaroni pale. Yost akaeleza vipimo vyake, akaongeza, bila kuulizwa, kwamba watu wengi hukosea kupima kutoka kwenye lami. Kline akaandika kitu. Ilikuwa inakwenda.

Kisha Kline akauliza kama kuna jirani mwenye la kusema, na Gaylord Pruitt akasimama akiwa na kofia mkononi.

Naye akaapishwa. Akasema yeye ndiye mwenye duka la mbele, na kama kuna mtu wa kuumizwa na bango la Stroup ni yeye, na haoni kama linamuumiza. Barabara inawatosha wawili. Alisema aliwahi kukaa kwenye meza hiyo hiyo, miaka ya nyuma, anajua kinachotakiwa, na kwa maoni yake kinachotakiwa kipo.

"Si yeye mwenye shida," Pruitt akasema. "Ni kiwanja. Kimekaa kwenye kwapa la barabara. Misonobari huku, kilima huku, kimebanwa katikati. Hakukibana yeye. Alikikuta kimebanwa."

Wanabodi wakaangaliana na kuitika. Mkulima akacheka, akasema kwapa hasa.

Verlin hakugeuka kumtazama Pruitt. Aligeuka kumtazama mkewe. Nadine alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe, imelala mapajani kama ya mtu mwingine, na ile shingo ambayo Verlin hakuiona siku ile jikoni, sasa aliiona.

Aliona yote. Au alidhani ameona. Alimwona Nadine akivuka barabara na ile karatasi, amevaa sweta la kijani. Alimwona ameegemea kaunta, upande huu sasa badala ya ule. Alimwona Pruitt akifikiri, akigonga meno kwa kalamu, akisema kwapa, na Nadine akicheka. Na hicho ndicho alichoshindwa kukimeza, zaidi ya kudanganywa: kwamba alicheka, na kwamba kule huenda hakuweka kiganja. Na yeye, Verlin, alikuwa amesimama jikoni kwake wiki nzima akikariri maneno ya mwanamume yule kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Kumbe hakukuwa na kingine. Nadine alivuka mara moja, akakaa dakika chache, akalia kidogo, akarudi. Lakini hilo hakumwuliza mtu.

"Asante, bwana Pruitt," Kline alikuwa anasema. Akageuza ukurasa. Lilibaki swali moja la desturi, alisema, la kuwekwa kwenye kumbukumbu. Alilisoma bila kuinua macho. "Bwana Stroup, je, katika dhiki hii kuna sehemu yoyote uliyojitakia?"

Verlin alisimama. Koti la mazishi lilimbana mabegani.

"Ndiyo," alisema.

Kline akainua macho.

"Nilijitakia. Nilijua sheria. Nilijua mpaka uko wapi. Niliona lile lake liko mbele, nikataka langu liwe mbele pia. Basi. Kiwanja hakina dhiki yoyote. Hakuna kwapa wala nini. Ni mimi."

Ikasikika mashine ya kahawa. Pruitt, nyuma kule, alisema taratibu, "Verlin, usifanye hivyo, ndugu yangu," na lile neno ndugu ndilo lililofunga mlango kabisa, kwa sababu Verlin alimjibu bila kugeuka kwamba hakumwomba msaada na hakumtuma mtu kumwombea.

Hapo kila mtu alielewa, hata mkulima. Hakuna aliyemtazama Nadine, na hivyo ndivyo walivyomtazama wote.

Kline aliondoa miwani. Mtu mwenye moyo angeahirisha kikao, angemwambia nenda nyumbani ukalale, urudi mwezi ujao. Kline alisema anasikitika, lakini mwombaji akishasema hivyo chini ya kiapo mikono ya bodi imefungwa. Mikono ya wakubwa hufungwa haraka sana kwa mtu kama Stroup. Walipiga kura, hapana tano. Mkulima alisema hapana yake akiangalia chupa ya maji.

*

Nadine aliendesha gari. Walipita bango la PRUITT linang'aa, wakaingia kwao gizani, na Nadine akazima injini lakini hakushuka.

"Mimi ndiye niliyeshika ncha ya utepe," alisema.

Verlin akafungua kifungo cha koti la mazishi.

"Nilichutama pale kwenye lami. Wewe ulirudi nyuma, ukasema kumi na tano, ukaongeza mkono. Nilikuona. Hukujua mpaka wala nini. Umeapa kwa mkono wa kulia, ni kama umewaambia sikuwepo."

"Ulikwenda kwake."

"Nilikwenda kwake. Ningekwenda kwa nani? Kwa Kline?" Alikuwa hapandishi sauti. "Nilimwuliza neno, Verlin. Neno moja. Kama mtu anavyokwenda kuazima spana."

Verlin akasema, spana angeazima yeye mwenyewe. Akasema pia neno jingine juu ya kaunta ya mzee Pruitt na vicheko vya zamani, neno ambalo hakuwahi kulisema katika ndoa yao yote, na alipolisikia likitoka alitaka kulirudisha. Nadine aliweka kiganja mdomoni. Hakuwa anacheka. Kisha akashuka, akaenda kupasha moto bakuli la tambi lililobaki, akamwekea sahani yake, akaenda kulala kabla yake.

*

Waling'oa bango Jumamosi, yeye na mpwa wake, wakalisimamisha tena mahali ambapo sheria inataka. Mahali hapo palikuwa kando ya ukuta wa karakana, nyuma ya misonobari. Yost alikuja kupima, akasema sasa limekaa sawasawa, akang'oa kibendera chake akaenda nacho. Kutoka mjini halikuonekana. Kutoka darajani halikuonekana. Verlin alipita barabarani kwa gari mara kadhaa kujaribu, polepole mpaka wa nyuma akampigia honi, na hakuliona.

Aliacha kukata nyasi za wilaya. Zikapanda mpaka magotini. Kata ikamwandikia kwamba mwenye kiwanja kinachopakana na hifadhi ana wajibu wa kuifyeka, vinginevyo atatozwa faini. Akaifyeka.

Vuli ilipoingia, misumeno iliyoletwa ilikuwa michache, na ya watu wasiolipa kwa wakati. Jioni moja Nadine alisema, huku akimenya viazi, kwamba Pruitt anatafuta mtu wa kaunta. Hakusema anaomba ruhusa. Verlin aliuliza ni saa ngapi mpaka saa ngapi, kana kwamba hilo ndilo swali. Jumatatu yake akamwona kutoka mlangoni mwa karakana akivuka barabara na mfuko wa mkate wake, akiangalia kushoto na kulia, amevaa sweta la kijani.

Hawakugombana. Nadine alirudi kila jioni, akaweka mshahara ndani ya bati la biskuti, akapika. Kabla ya sikukuu ya Shukrani alikwenda kuzibwa jino. Alirudi na mdomo umekufa ganzi, akamwonesha, na Verlin akasema limekaa vizuri, na ni kweli lilikuwa limekaa vizuri. Usiku alipokuwa akizima taa alifikiria kwamba sasa ataanza kucheka.

Yeye aliendelea kuwasha bango giza likiingia, kwa mazoea tu. Hakuna aliyelitazama. Hata yeye hakulitazama, kwa sababu lilikuwa upande wa ukuta usio na dirisha.

Kisha jioni moja ya baridi, wakila nyama ya kusaga ya oveni, Nadine akasema bila kuinua kichwa, "Taa moja ya bango imekufa. Ya mwisho. Linasomeka STRO."

Verlin akaacha kutafuna. "Umejuaje? Halionekani popote."

"Linaonekana kaunta," Nadine akasema. "Pale kaunta ndipo mahali pekee linapoonekana. Liko mbele yangu pale, kila nikiinua macho." Akachukua chumvi. "Nimezoea kulisoma. Leo likanisumbua."

Baadaye Verlin akauliza kama linasomeka vizuri kutoka kule, zile herufi ndogo za chini. Nadine akasema za chini zinasomeka mchana, giza likiingia zinafifia. Kisha akaondoa sahani.

Asubuhi, kabla Nadine hajavaa koti, Verlin alikuwa juu ya ngazi, vidole vimeganda, amefungua bati la bango. Alibadilisha taa iliyokufa, na zilizo hai pia. Alifuta plastiki ndani na nje kwa kitambaa na maji ya moto. Kisha akaingia karakanani akabonyeza swichi, na jua ndiyo kwanza linachomoza.

Tangu siku hiyo linawaka mchana kutwa. Mkaguzi alishapita kumwambia kwamba si kosa kisheria, ila ni hasara, umeme ni ghali na hakuna anayeliona. Verlin alimwambia yupo anayeliona. Hakusema kwamba wapo wawili. Kuna Nadine kwenye kaunta, na kuna yule anayesimama kando yake na kikombe cha kahawa, akisubiri ainue macho.